Mawili ya Nyuma, au Yote Manne

Jumatatu, 11 Januari 1999

Futari leo ilikuwa uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Mama ameishi Singida miaka thelathini na bado anapika kama yuko kwao Pangani. Tulipofika kwenye chai, Kaka Rahimu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe sukari: mwaka huu rali ataendesha Ziada, yaani mimi, na yeye atanisomea noti za kona.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Tangu ajali ya Juni goti lake la kushoto halikunji. Lina vyuma ndani, daktari amesema litabaki hivyo. Na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Miaka mitatu nimekaa upande wa abiria, kofia ya chuma kichwani, daftari mapajani, namsomea kona kabla hajaziona. Sasa anataka tubadilishane viti.

Kuna jingine. Baba mdogo Amri anakuja baada ya Idi na magari mawili, katika yale anayoshusha kutoka Japani. Moja anatuachia tulikimbize kwenye rali ya Februari, jina la duka lake milangoni. La pili linaendelea Mwanza, kuna mtu analingoja. Moja ni Cresta yenye tabo ya kuongeza nguvu ya injini, inasukuma kwa matairi mawili ya nyuma. Jingine ni Subaru ya tabo, inavuta kwa yote manne. Achague dereva, Kaka amesema. Dereva ni mimi.

Mama aliweka kikombe chini. Si mlisema haya mambo yamekwisha?

"Kwangu yamekwisha, Mama," Kaka akamjibu. "Kwa Ziada hayajaanza."

Nashukuru. Naandika hivyo kwanza, kabla hofu haijafika.

Jumatano, 13 Januari

Nimekwenda gereji kwa fundi Anselm. Mnyaturu wa Ihanja, mikono kama koleo, ufundi alijifunza kwenye gereji ya misheni Kilimatinde. Gari letu la zamani alilitengeneza yeye, na lilipokufa ndiye aliyelifungua vipande vipande, hakutaka mtu mwingine aliguse.

Nikamwuliza: mawili ya nyuma au yote manne?

Akachora chini kwa ncha ya bisibisi. La nyuma, amesema, kila tairi lina kazi yake. Ya mbele kugeuka, ya nyuma kusukuma. Ndiyo maana usukani wake ni mwepesi na unasikia kila kitu. Lakini ukikanyaga moto vibaya kwenye kona, nyuma inataka kupita mbele. Fundi yeyote wa hapa mjini analijua, difu yake, ile gia ya katikati ya matairi, utaipata kwenye teksi mbovu yoyote. La yote manne, kila tairi linafanya kazi mbili, nguvu imegawanywa, ndiyo maana linashika. Lakini difu ni tatu. Ikivunjika moja ukiwa porini Itigi, spea iko Dar.

Basi la nyuma, nikasema.

Akanitazama. "Mvua ya Februari unaijua?"

Naijua.

"Na Rahimu unamjua?"

Kaka anapenda gari la nyuma kama watu wengine wanavyopenda mpira. Ameendesha hilo tu maisha yake yote. Kwenye kona alikuwa anaingia ubavu, vumbi likija mbele yetu badala ya kubaki nyuma, na anapiga mluzi. Mimi nashika daftari kwa mikono miwili.

Jumamosi, 16 Januari

Hili sijawahi kuliandika mahali popote.

Kona ile baada ya kuvuka reli, karibu na Manyoni. Jasho na vumbi, kurasa mbili zilishikana nikazigeuza pamoja. Nikasoma "kulia ndogo". Ilikuwa kulia kali. Niliona kosa langu wakati ule ule linatoka mdomoni. Halafu jiti, halafu anga, halafu kimya, na Kaka anasema polepole kwamba hausikii mguu.

Mimi nilichubuka kiwiko.

Hospitalini akamwambia Mama: nilikimbia mno. Akawaambia wasimamizi hivyo. Akamwambia Anselm. Nami nilikuwa nimesimama pale pale pembeni ya kitanda, miezi saba sasa, sijafungua mdomo.

Na sasa amenipa usukani.

Jumatano, 20 Januari

Idi imepita vizuri, alhamdulillahi. Pilau iliisha yote.

Baba mdogo amefika saa nane mchana na Cresta nyeupe, nyuma yake dereva wake Philipo na Subaru ya bluu iliyokoza. Jirani zetu wote walitoka. Ndani ya Cresta bado kuna karatasi ya Kijapani imebandikwa kwenye kioo, hakuna anayejua inasema nini. Kaka alizunguka magari yote mawili akiegemea fimbo yake. Kwenye Cresta alisimama muda mrefu. Akapitisha kiganja juu ya paa, mara moja, kama unavyompapasa ng'ombe.

Niliona. Natamani nisingeona.

Philipo anaondoka Ijumaa baada ya sala. Atakwenda na lile nisilolichagua.

Alhamisi, 21 Januari

Tumejaribu yote mawili, njia ya Ihanja, pale penye kilometa nne za changarawe na mchanga. Jua kali, barabara kavu kama kigae. Baba mdogo alishika saa. Kaka alikaa kando yangu.

Cresta kwanza. Sijui niandikeje. Unakanyaga na kitu kinakusukuma mgongoni. Kona ya pili nilizidisha kidogo, nyuma ikatoka, nikarudisha usukani, ikarudi, na mikono yangu ilijua kabla yangu. Gari linazungumza na wewe wakati wote. Kaka alicheka. Kicheko kabisa, cha tumboni. Sijakisikia tangu Juni. Akasema: umeona? Umeona linavyokuuliza?

Halafu Subaru. Hakuna maneno mengi. Unageuza, linakwenda. Mwanzoni pua inakataa kidogo, unangoja, halafu unakanyaga na matairi yote yanang'ata pamoja, linatoka kwenye kona kama limevutwa na kamba. Halikuulizi kitu. Kaka alikuwa anatazama mashamba dirishani.

Saa ya Baba mdogo: Subaru mbele kwa sekunde kumi na moja.

Jioni Baba mdogo akaniuliza mbele ya wote: nikuachie lipi, mwanangu?

"Cresta," nikasema.

Akaniuliza mara ya pili, kama hakusikia. Cresta, Baba mdogo. Kaka aliinamisha kichwa, lakini nilimwona anatabasamu. Nilijisikia mwepesi. Nikalala mapema.

Ijumaa, 22 Januari

Siku ndefu. Naandika yote kwa mpangilio la sivyo nitasahau.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya kweli. Saa tano nikamchukua Anselm tukaenda na Cresta njia ile ile ya Ihanja. Nilitaka kuizoea kwenye maji. Ule udongo mweusi baada ya daraja dogo ulikuwa umeshakuwa sabuni. Sikuwa nakimbia. Nilikanyaga kidogo tu kutoka kwenye kona, kidogo tu, nyuma ikaondoka na sikuiwahi. Tulizunguka duara zima. Tuliposimama tulikuwa tunatazama tulikotoka. Mbele yetu akina mama watatu na vikapu vya viazi, wamesimama kando ya barabara. Hatua kumi kutoka walipo. Labda nane.

Nikashuka nikawaamkia na kuwaomba radhi. Mmoja akaniambia pole mwanangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekoswa na gari.

Nikarudi ndani. Anselm alikuwa anafuta kioo kwa mkono wa shati.

"Kaka yako ile angeirudisha," akasema.

Najua.

"Wewe mwakani, pengine. Kwa Februari hii, hapana. Sikusemi vibaya. Nasema ninachokiona."

Nikamwuliza mbona jana hakusema. Jana hukuniuliza mimi, akajibu.

Tulirudi mjini taratibu. Saa saba na nusu. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Nyumbani Subaru haipo. Baba mdogo akasema Philipo hakungoja sala, aliona mawingu, ameshaondoka, atasali njiani. Ana zaidi ya nusu saa.

Kaka alikuwa kwenye duka letu la vifaa vya ujenzi mbele ya nyumba, amekaa juu ya gunia la misumari, mguu ameunyoosha mbele. Nikamwambia: nimekosea, sitaki Cresta, nataka ile nyingine. Watu wapo, wateja wapo. Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani nimemvunja moyo. Akachukua fimbo.

"Basi tunangoja nini? Ingia."

Tulimfukuza Philipo kwa Cresta, barabara ya Nzega, mvua imepungua lakini haijaisha. Mimi usukani, Kaka upande wangu wa zamani, mguu haumtoshi, amekaa upande upande. Hana daftari. Barabara anayo kichwani. Kushoto ndefu, shikilia. Kuna shimo kulia, kaa kati. Kilima, usikanyage mpaka uone. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilijikuta nakanyaga bila kuogopa.

Halafu akauliza, macho mbele: "Kwa nini jana ulisema Cresta?"

Kwa ajili yako, nikamwambia.

"Kwa nini kwa ajili yangu?"

Basi nikasema. Kurasa mbili zilizoshikana. Kulia ndogo, kulia kali. Niliendesha na kusema, na machozi, na siwezi kuyafuta maana mikono iko kwenye usukani. Nikasema goti lako mimi ndiye niliyelivunja.

Akasema kulia, ndogo, nenda. Nikapita. Ndipo akasema:

"Ziada, kona ile niliipita mara mbili siku tunaandika noti. Nilijua ni kali. Nilikusikia unasoma ndogo, nikajua umekosea. Na mguu wangu ukataka uwe umepatia, nikakanyaga."

Nikapunguza mwendo bila kujua.

"Usipunguze. Philipo hatungojei." Halafu: "Nimekaa miezi saba nadhani hukumbuki, nikashukuru. Sikutaka ubebe. Kumbe umebeba peke yako. Tumekuwa wajinga wawili nyumba moja."

Tulimkuta Philipo Misigiri, kwenye kibanda, anakula mayai ya kuchemsha. Alidhani kuna msiba. Tukamweleza. Akatazama Cresta ilivyotapakaa matope mpaka paani, akasema sawa tu, ila mtaiosha.

Tumeiosha. Tumerudi na Subaru. Njiani Kaka alilala, mdomo wazi.

Nashukuru. Niliandika neno hili Jumatatu ile bila kujua maana yake.

Jumamosi, 23 Januari

Baba mdogo hakukasirika. Amesema juzi alipouliza mara mbili ni kwa sababu saa alikuwa nayo mkononi. Mama amesema yeye alilitaka hili hili tangu mwanzo, lisiloteleza, lakini nani anamwuliza Mama.

Jumanne, 2 Februari

Mazoezi. Kaka ametapika.

Rahimu, ambaye watu wa Dodoma wanamwogopa, amesoma noti kilometa sita akiwa ameinamisha kichwa, akaniomba nisimame, akafungua mlango. Fundi Anselm alilazimika kwenda nyuma ya mti kucheka. Kaka aliporudi amejifuta, uso wa kijivu.

"Miaka mitatu ulikuwa unafanya hivi?"

Miaka mitatu.

"Na hukutapika?"

Mara mbili. Kwenye kofia. Hukuona.

Ameniambia ahsante. Kwa zile zote. Nikawasha gari.

Jumatatu, 8 Februari

Nalijifunza gari. Siyo kweli kwamba haliulizi kitu. Linauliza taratibu, na mapema. Linataka uwe umeshaamua kabla ya kona: breki mapema, geuza mapema, vumilia pale pua inapokataa, halafu moto, na usiutoe. Ukiogopa katikati ukaachia, ndipo linapochukia. Cresta ilinisamehe kwenye ukavu na ikaniadhibu kwenye maji. Hili linanitaka niwe na subira, nami subira ninayo, nimekaa kiti cha abiria muda mrefu.

Kaka anasema bado halipendi. Linakwenda kama mhasibu, amesema. Lakini jana nilimkuta ameketi ndani peke yake uani, usukani mikononi, mlango wazi, mguu wa kushoto nje.

Nilirudi jikoni kimya kimya.

Jumapili, 14 Februari

Mama amemshonea Kaka mto. Wa kitenge, umejazwa sufi, una mkanda wa kufunga chini ya goti ili mguu usigonge mlango barabara ikiwa mbaya. Hajasema kama ameikubali rali tangu ile siku ya futari. Aliuweka tu juu ya kiti cha gari akaondoka. Kaka aliubeba ndani kumwonyesha kila mtu, mpaka wateja.

Hatapiki tena. Siri ni tangawizi mbichi na kutotazama karatasi muda wote: unatazama, unainua, unasema. Hiyo nilimfundisha mimi.

Ijumaa, 26 Februari

Ukaguzi wa magari, uwanjani. Magari kumi na manne. Ya kuvuta kwa yote manne ni matatu tu, letu na mengine mawili ya Arusha. Mengi ni ya nyuma, kama lile letu la zamani.

Shukuru amekuja, yule wa Dodoma, na gari lake jekundu la nyuma, la siku nyingi, limepigwa rangi upya. Yeye na Kaka wameshindana tangu wakiwa vijana. Alimwamkia Mama shikamoo kwa heshima, akamkumbatia Kaka, halafu akanitazama mimi ndani ya suti ya dereva. Akasema: kwa hiyo wewe ndiye nitakayekula vumbi lako?

Matope, nikamwambia. Angalia mawingu.

Akacheka. Ni mtu mzuri. Nimesahau kumchukia.

Namba yetu ni tisa. Mlangoni wameandika majina: Ziada juu, Rahimu chini. Kaka ndiye aliyewaambia waandike hivyo.

Jumamosi, 27 Februari — Manyoni

Nina usingizi mpaka macho yanaona mistari miwili. Nitaandika kidogo.

Singida mpaka Ihanja, pakavu. Shukuru alitupiga vibaya, sekunde thelathini na mbili. Nilimwona kwenye kona moja ya wazi, gari limelala ubavu, kama ndege anapinda. Zuri. Siwezi kusema vingine. Kaka naye aliona, akakosa kusoma mstari mmoja, nikasema Kaka, akasema ndiyo, ndiyo, kushoto ndefu.

Mchana mvua. Hapo tukaanza kurudisha. Wengine walikuwa wanapapasa, mimi nilikuwa nakanyaga. Hatua mbili za mwisho, vile vipande vya kupimwa kwa saa, tumeongoza watu wote. Magari matano yametoka mashindanoni, hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Tulipita ile kona baada ya reli. Kaka alisoma: "Kulia kali." Akasema tena, taratibu: "Kali sana." Nikapita. Jiti bado lipo, limechipua upande.

Wa pili kwa jumla. Shukuru yuko mbele kwa sekunde kumi na tisa. Kesho hatua moja ndefu tu, Kilimatinde hadi Itigi. Kaka anasema kwa mvua hii sekunde kumi na tisa ni kilometa nne za kazi.

Wa pili. Mimi. Kama ingeishia hapa ningeshukuru vile vile.

Jumapili, 28 Februari — saa tisa alasiri, korongoni kabla ya Itigi

Naandika juu ya usukani. Tumesimama zaidi ya saa moja.

Mvua ya huko juu Kilimatinde ilishusha maji yote hapa. Korongo lililokuwa mchanga mtupu siku tunaandika noti sasa ni mto. Limekuwa likipungua tangu tufike, taratibu, sasa liko usawa wa magoti. Pande zote ni kichaka cha Itigi, hakuna pa kuzungukia. Msimamizi mkuu, mzee Zefania, amefuta hatua ya mwisho. Kilichobaki ni kufika stesheni Itigi kabla ya saa kumi na moja. Atakayefika anahesabiwa kwa muda wa jana. Asiyefika, ametoka.

Wale wa Arusha waliwahi kuvuka kabla maji hayajaja, lakini kwa muda wa jana tumewapita kwa dakika nyingi. Nyuma yetu mmoja mmoja wamegeuza. Tumebaki sisi na Shukuru.

Shukuru alijaribu saa nane na nusu. Aliingia vizuri, kwa mwendo mzuri. Theluthi ya njia matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale. Ya mbele hayana la kumsaidia, yamekaa tu kwenye mchanga yanangoja kusukumwa. Aliijua kazi yake, alifanya kila kinachofanyika. Tulishuka wote kumsukuma arudi. Kaka pia, na fimbo yake, hakukubali kubaki.

Halafu Shukuru amekuja dirishani kwangu. Kofia ameivua, matope mpaka kwenye nyusi.

"Dada Ziada. Naomba univute."

Alisema hivyo tu. Hakuzunguka. Anajua, nami najua, na kila mtu aliyesimama hapa anajua: akibaki upande huu, tumeshinda sisi. Akivuka, hakuna hatua nyingine ya kurudisha sekunde kumi na tisa. Rali ni yake.

Nikamtazama Kaka.

"Usinitazame mimi," akasema. "Dereva ni wewe."

Nikamwita Anselm, yuko hapa na Landrover yake ya vifaa, ambayo siku hizi inasukuma kwa nyuma tu. Nikamwuliza kama gari litaweza. Amekuna kidevu. Kuvuka peke yako, utavuka. Kumvuta yeye kutoka ng'ambo, kwa kamba ndefu, pengine. Difu hizi tatu sijawahi kuziomba kitu kama hicho. Zikikataa, mnabaki wote wawili, na Subaru ya baba yako mdogo inabaki mtoni.

Shukuru alisikia yote. Akasema: nitaelewa, dada. Na alikuwa anamaanisha, ndilo lililonimaliza.

Nimemwambia ndiyo. Sikufikiri sana. Nilifikiri tu kwamba tangu Januari kila kitu nilicho nacho hapa kuna mtu alinipa, kiti, gari, hata jina langu juu mlangoni, na hakuna aliyeniuliza nitafaidi nini. Pia nilikumbuka alivyopinda kwenye ile kona jana. Sitaki gari lile lishindwe kwa sababu ya maji.

Shukuru ameweka mkono kifuani, akageuka haraka kwenda kufunga kamba kwake. Kaka hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Ametengeneza mto wake chini ya goti, amefunga mkanda, amefungua daftari la noti kwenye ukurasa wa korongo. Ameutazama. Amelifunga.

"Maji yamehamisha barabara," amesema. "Hapa hakuna kilichoandikwa. Mimi nitatazama maji, wewe tazama mbele."

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Mzee Zefania yuko katikati ya korongo na mti mrefu, anapima. Maji yako chini kidogo ya magoti yake. Kulia kwake ni laini, ameonyesha kwa mkono. Kushoto pagumu. Breki mapema, geuza mapema, moto usiutoe. Nyuma kamba iko mchangani, imelala legelege mpaka kwenye pua ya gari jekundu.

Anselm amepiga boneti mara mbili. Zefania anapunga.

Maji yataingia milangoni. Hili daftari langu nampa Kaka alishike juu, lisilowe.